Mwizi Aliyerudishwa Kwao

Mama mkwe alipokuja kukaa kwa Cheche, alikuja na mguu wenye plasta ngumu hadi chini ya goti, sanduku jepesi la nguo, na kuku wake wote ndani ya tenga. Mguu aliuvunja kwa kuteleza bafuni. Sanduku lilikuwa la kumtosha mpaka plasta ikatwe, si zaidi. Lakini kuku alikataa katakata kuwaacha nyuma, kwa sababu, alisema, jirani yake wa kule ni mtu mwema ila anapenda mchuzi kupita kiasi.

Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Jina hilo alipewa na wateja kwa ajili ya cheche za moto zilizotoboa kila shati alilokuwa nalo, likamganda hata mkewe naye akawa anamwita hivyo hivyo. Karakana yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba, chini ya kipaa cha mabati, na humo alitengeneza mageti, madirisha na vitanda huku akipiga soga na kila apitaye. Alikuwa mtu wa maneno. Lakini mbele ya mama mkwe ulimi ulimkauka. Tangu aoe, mazungumzo yao yalikuwa ni shikamoo, marahaba, na jua la leo limekuwa kali. Akiingia sebuleni akamkuta amekaa, hapo hapo Cheche alikumbuka kwamba kuna kitu amekisahau nje.

"Unamwogopa mama yangu?" mkewe alimuuliza huku akicheka.

"Simwogopi. Namheshimu."

"Unamheshimu mpaka unapitia dirishani?"

Ilikuwa mara moja tu, na dirisha lenyewe lilikuwa bado halijawekwa nondo.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na wale wa mama mkwe walifungwa kamba mpaka wakauzoea ua. Ulikuwa ua wa kawaida: tangi la maji juu ya msingi wa zege, mpapai mmoja, kamba ya kuanikia nguo, na ukuta wa matofali wenye tundu chini la kupitishia maji ya mvua. Ng'ambo ya ukuta kulikuwa na kiwanja cha mtu ambaye hajawahi kuonekana, kimeota vichaka na vichuguu. Kuku walipofunguliwa walichagua wenyewe pa kutagia, kwenye kreti la majani makavu nyuma ya karakana, na mama mkwe akawa anajikongoja na magongo yake kila asubuhi kwenda kuokota mayai, anayaleta jikoni yakiwa bado yana joto.

Kisha mayai yakaanza kupotea.

Kwanza walidhani kuku wamepumzika. Lakini kuku akitaga hutangaza, na hawa walikuwa wakitangaza mtaa mzima ukasikia. Mkewe Cheche, ambaye alikuwa msusi na saluni yake ilikuwa njia panda, aliondoka asubuhi akiwa ameona mayai kwa macho yake, akarudi mchana kuchukua kitana, akakuta majani matupu. Akamtazama mumewe.

"Usinitazame mimi," Cheche alisema. "Mimi yai bichi silili."

Siku iliyofuata Cheche alikuwa akipiga msasa mguu wa kitanda aliposikia sauti ya mama mkwe kutoka nyuma. "Mkwe! Njoo uone."

Alikwenda akijifuta mikono kwenye suruali. Mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya msingi wa tangi, ameegemea gongo moja, na kwa gongo la pili alikuwa akionyesha chini. Maganda ya mayai yalikuwa yametapakaa pale, mengine makavu, mengine ya leo. Na ukutani mwa zege, juu kidogo ya kifundo cha mguu, palikuwa na michirizi ya kiini iliyokauka, mmoja juu ya mwingine, kama mtu amejaribia rangi.

"Unaona nini?" aliuliza.

"Naona mayai yetu, mama."

"Hayo hata mimi nayaona. Ukuta. Anayekula yai hapa chini, ukuta anauchafuliaje?"

Cheche alichuchumaa. Kweli. Nyoka angemeza yai zima na asingeacha hata ganda. Kunguru angeruka nalo. Panya angelitoboa palepale kwenye majani. Huyu alilibeba yai kutoka nyuma ya karakana, akapita mbele ya jiko la watu, akaja nalo mpaka hapa, na si hapa leo tu, bali kila siku hapa hapa.

"Sijui," alisema, akashangaa jinsi lilivyomtoka kirahisi.

"Wala mimi," mama mkwe alisema, na uso wake ukachangamka kama aliyeletewa zawadi.

Ndivyo alivyokuwa. Sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi aliipitisha katika chumba cha simu, enzi zile za kuunganisha watu kwa mkono, waya huku, waya kule, na kazi ile ilimwachia masikio makali na hamu ya kujua isiyoshiba. Alikuwa akiuliza kwa nini mjusi anatikisa kichwa akikuona, kwa nini moto wa kuchomelea unaumiza macho na wa jiko hauumizi, kwa nini mpapai huu haujazaa na ule wa jirani unazaa mpaka unainama. Bintiye aliyazoea maswali hayo tangu utotoni, akawa anayajibu kwa "Mh."

Jioni hiyo mkewe Cheche alitoa hukumu. "Sumu. Dukani ipo. Unatia kwenye yai moja, unaliacha, kesho habari imekwisha."

"Na akiokota kuku wangu?" mama yake alisema. "Na akiokota paka wa watu? Tena nitamkuta amekauka huko vichakani, au nisimkute kabisa. Nitajuaje alikuwa nani?"

"Mama, ya nini kumjua? Ni mwizi."

"Mwizi anakuja mchana kweupe, anapita mlangoni kwangu, ana mahali pake maalumu pa kulia. Mimi nataka nimwone uso." Akamgeukia Cheche, ambaye alikuwa tayari ameanza kunyanyuka kidogo kidogo. "Mkwe, wewe unatengeneza mageti ya kuzuia watu wasiingie. Huwezi kutengeneza la kumzuia mtu asitoke? Bila kumuumiza?"

Cheche alikaa tena. Hakuwahi kuulizwa swali la namna hiyo. "Nitajaribu, mama," alisema, na usingizi wake wote wa siku hiyo aliutumia kuchora mlango kichwani.

Kesho yake mama mkwe alihamia karakana. Alikaa kwenye kigoda, mguu wa plasta ameunyoosha juu ya kopo la rangi, na Cheche alipowasha mashine alimwambia atazame pembeni. Alikata nondo nyembamba, akazichomelea zikawa umbo la kasha refu, akavisha wavu wa chuma pande zote. Mlango aliuweka wa kuteremka wima ndani ya mifereji miwili. Ulishikiliwa na ndoano, ndoano ikaunganishwa kwa waya na kibao kilicholala sakafuni mwa kizimba, huko mwisho. Mnyama akikanyaga kibao kufuata chambo, ndoano inafyatuka, mlango unashuka. Basi.

Ila hakukuwa na basi mbele ya mama mkwe. Alipitisha kidole kwenye ncha za wavu. "Akijigonga hapa si atajichana?" Cheche akachukua tupa akazilainisha zote. Mlango ulipojaribiwa ulishuka kwa kishindo. "Na mkia ukichelewa?" Cheche akakata mpira wa tairi la baiskeli, akaubandika ukingoni mwa mlango. "Na jua likimchoma kabla hatujamwona?" Likatafutwa gunia la kufunika juu. Kufikia mchana Cheche aligundua kwamba amekaa na mama mkwe karakana moja tangu asubuhi na hajasahau kitu chochote nje.

Chambo cha kwanza kilikuwa kichwa cha samaki mkavu. Mtego uliwekwa karibu na tundu la ukuta, na haikupita muda wakasikia pa! Wakatoka wote, mmoja kwa mbio na mwingine kwa magongo. Ndani ya kizimba alikuwa amekaa paka mkubwa wa rangi ya chungwa, amekwishamaliza samaki, anajilamba mkono.

Alikuwa Bosi, paka wa dobi wa nyumba ya pili. Dobi mwenyewe, pande la mtu lenye sauti ya kujaza uwanja, alifika kabla hata hawajamfungulia.

"Jamani, Bosi amewakosea nini?"

"Hajatukosea," Cheche alisema. "Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo. Samahani sana."

"Bosi mayai hali! Mimi namjua. Anakula samaki, maini, na maziwa akibembelezwa."

"Hayo ndiyo tumeyaona," alisema mama mkwe. "Amefaulu mtihani. Mchukue."

Dobi akamkumbatia paka wake kama mtoto aliyetolewa kituoni, akaondoka akinung'unika. Kesho yake mtego ukalia tena. Bosi. Ameingia kwa hiari yake, amekula, amelala. Ilikuwa wazi kwamba amekwishaelewa utaratibu wa hoteli ile na umempendeza. Ndipo mama mkwe akasema, kama mwizi anatafuta yai, apewe yai, samaki ni kuwaalika wasiohusika.

Wakaweka yai. Mtego ukalia. Safari hii ndani mlikuwa na kuku mwekundu wa mama mkwe mwenyewe, amelikalia lile yai la chambo, na pembeni yake yai la pili, bichi, la moto, alilolitaga humo humo.

Mkewe Cheche alikuwa nyumbani siku hiyo. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Hongereni! Mmetengeneza mtego unaoongeza mayai. Endeleeni."

Cheche aliona haya, lakini alipomtazama mama mkwe alimkuta naye mabega yanatikisika, na wakajikuta wanacheka pamoja. Wakausogeza mtego upande wa pili wa tangi, mbali na njia ya kuku, wakalazimika kuwafungia kuku wenyewe uani kwa dobi, ambaye alikubali kwa sharti kwamba asisikie tena Bosi ametiwa ndani.

Ilikuwa asubuhi, mke ameshakwenda saluni, Cheche yuko katikati ya kuchomelea bawaba ya geti la mteja. Hakusikia pa, kwa sababu ya mashine. Alichosikia ni gongo likigonga bati la karakana mara nyingi mfululizo. Alizima, akavua kioo cha giza usoni, akamwona mama mkwe amesimama, kidole mdomoni.

Walikwenda polepole. Ndani ya kizimba alikuwamo mnyama asiyetimia hata nusu ya Bosi, mwembamba, pua ndefu iliyochongoka, manyoya ya kahawia yaliyochanganyika kijivu, na mgongoni mistari myeusi iliyokatiza kama mtu alimkwaruza kwa kitana chenye wino. Macho yake yalikuwa ya rangi ya shaba. Alipowaona manyoya yalimsimama akawa mara mbili, akatoa mngurumo usiolingana na umbo lake.

"Nguchiro," alisema Cheche kwa kunong'ona.

Mama mkwe aliketi chini, plasta na yote, kitu ambacho daktari alimkataza. Alimtazama. Nguchiro naye alimtazama, akanyamaza, akaanza kunusa hewa kuelekea kwake kwa pua inayotetemeka.

"Kumbe ni wewe," mama mkwe alisema. "Mzuri hivyo." Kisha, bila kugeuza kichwa: "Mkwe, si wanasema hawa hula nyoka?"

"Hula nyoka, mende, vyura, mayai. Chochote, mama, ilimradi hakimshindi mbio."

"Na ukutani huwa anafanya nini?"

"Hilo hatujamuuliza."

Yai la chambo lilikuwa halijaguswa; hofu ilimkatia hamu. Walimfunika gunia, akatulia. Kutoka kiwanja cha vichaka kulikuwa na kelele ndogo ndogo kama za vifaranga, na mama mkwe aliinua kichwa kusikiliza, lakini Cheche alikuwa tayari anawaza njia. Lile geti lilikuwa la kupelekwa kwa mteja upande wa machimbo ya mawe, machimbo yaliyoachwa zamani, yenye kijito na msitu mdogo. Angemwachia huko, mbali na kuku wa mtu yeyote, na kazi ingekuwa imekwisha bila tone la damu.

"Twende wote," alisema mama mkwe.

Alikaa mbele ndani ya pikapu ya Cheche, kizimba miguuni pake, yai ndani yake likiwa limewekewa vitambaa lisigonge. Kwenye kituo cha mafuta kijana wa pampu alichungulia dirishani, akaona pua ikitoka chini ya gunia. "Mama, huyo mnauza?"

"Ni mgeni wetu," alijibu. "Tunamsindikiza."

Walishusha geti kwa mteja, kisha wakaendelea na njia ya vumbi mpaka machimboni. Palikuwa kimya. Cheche alibeba kizimba hadi kwenye nyasi karibu na kijito, akaondoa gunia, akainua mlango, akarudi nyuma. Mama mkwe aliegemea mlango wa gari.

Nguchiro hakutoka.

Alisogea mpaka mlangoni, akatoa pua, akanusa huku na kule. Kisha akatoa mlio mfupi. Akanyamaza, masikio yamesimama. Akatoa tena, ule ule. Akanyamaza tena. Halafu akarudi nyuma, akajikunja mwisho kabisa wa kizimba.

Cheche alipiga ubavu wa kizimba kwa kiganja. Alikitikisa kidogo. Alikata kijiti akamsukuma taratibu, kijiti kiling'atwa. "Toka, bwana. Uhuru huo. Maji yako yale pale."

"Mwache," alisema mama mkwe. "Sikiliza. Halii, huyu. Anaita. Anaita, kisha anangoja ajibiwe."

Walisikiliza. Mlio mfupi, kimya. Mlio mfupi, kimya. Hakuna kilichojibu ila maji.

"Kule kazini kwetu," mama mkwe alianza, na Cheche akageuka, kwa maana hakuwahi kumsikia akizungumza habari za kazini kwake, "kulikuwa na mwanamume akipiga simu kila siku, asubuhi, namba ile ile. Na namba ile ilikuwa imekatwa zamani. Namwambia, haipatikani. Ananiambia, asante dada. Kesho anapiga tena. Sauti ya heshima kabisa. Wenzangu walikuwa wanacheka, mimi nilikuwa namngoja. Akichelewa nina wasiwasi."

"Alikuwa anampigia nani?"

"Sikumuuliza. Hatukuruhusiwa kuuliza. Halafu nikahamishwa chumba, basi." Alitazama mikono yake juu ya gongo. "Nimeuliza watu maswali ya kipuuzi maisha yangu yote, mkwe. Lile moja nikaliacha."

Cheche hakujua la kusema, na kwa mara ya kwanza kutojua la kusema mbele yake hakukumpa hamu ya kukimbia. Alimtazama mnyama. Alifikiria zile kelele za vifaranga kule vichakani asubuhi, na mara akaelewa zilikuwa ni za nani. Hawa hawaishi peke yao. Huyu alikuwa na kundi, na kundi lilikuwa limeachwa nyuma ya ukuta wa nyumba yake, na yeye alikuwa amembeba huyu mmoja mpaka mahali ambapo hakuna ajuaye jina lake. Alifikiria pia jinsi dobi atakavyocheka. Na mkewe. Lo, mkewe.

Aliinama, akashusha mlango wa kizimba.

"Mama, mimi naona turudi naye."

"Unaona hivyo?"

"Naona hivyo."

Mama mkwe hakubisha. Aliingia garini haraka kuliko mtu mwenye plasta anavyopaswa kuingia.

Nyumbani Cheche alikiweka kizimba palepale kilipokuwa, na kabla hajanyoosha mgongo, mlio ule mfupi ukatoka. Safari hii ulijibiwa. Ulijibiwa kutoka ng'ambo ya ukuta na sauti nyingi kwa pamoja, kama darasa lililoulizwa swali rahisi. Wakarudi nyuma mpaka mlango wa jikoni, wakasimama kimya.

Kichwa kimoja kilitokea kwenye tundu la ukuta. Kikafuata kingine. Kisha wakamiminika, wakubwa kwa wadogo, wote na mistari yao mgongoni, wakakizunguka kizimba wakipiga kelele. Mmoja alitia meno kwenye wavu akawa anavuta. Mwingine alichimba chini kwa makucha, udongo ukiruka. Aliyekuwa ndani alipita akiwagusa pua mmoja mmoja kwenye matundu ya wavu. Cheche alikuwa amechomelea wavu ule vizuri, na siku hiyo alitamani angeuchomelea vibaya.

"Nenda," mama mkwe alimnong'oneza.

Alichukua nondo ndefu, akasogea hatua kwa hatua. Hawakukimbia. Mmoja mkubwa alisimama kwa miguu ya nyuma, akamtazama kama askari wa getini anavyomtazama mtu asiye na kitambulisho. Cheche alipitisha ncha ya nondo kwenye pete ya mlango, akainua.

Aliyekuwa ndani hakutoka kwa miguu, alitoka kama maji. Wenzake walimrukia, wakamsugua, wakamlalia juu, ikawa fundo moja la mistari na mikia linalobingirika. Mama mkwe alikuwa ameweka mkono mdomoni.

Na hapo ndipo mmoja wao, kijana fulani asiye na adabu, alipokumbuka kwamba dunia ina mayai. Aliingia kizimbani, akalisukuma lile yai la chambo mpaka nje, akalivingirisha kwa mikono hadi kwenye msingi wa tangi. Akageuka akaupa ukuta mgongo. Akalishika yai kwa mikono ya mbele, akapanua miguu ya nyuma, na kwa nguvu zake zote akalirusha kinyumenyume katikati ya miguu yake mwenyewe.

Pah! Yai lilipasuka ukutani, juu kidogo ya kifundo cha mguu.

"Umeona?" Mama mkwe alipiga yowe, gongo likamtoka. "Mkwe, umeona? Anaurushia ukuta kwa mgongo! Umeona?"

"Nimeona! Kinyumenyume!"

"Nani kamfundisha?"

"Sijui, mama! Sijui!"

Nguchiro wote walitoweka kwa yowe lile, isipokuwa yule kijana, aliyebaki akilamba zege mpaka akamaliza, ndipo akaondoka kwa wakati wake.

Mkewe Cheche aliporudi aliwakuta wamekaa kwenye ngazi ya jikoni, mama yake na mumewe, wanaigizana jinsi ya kurusha yai.

"Mmemkamata?"

"Tumemkamata," alisema Cheche.

"Yuko wapi?"

"Tulimpeleka machimboni."

"Afadhali."

"Kisha tukamrudisha."

Mkewe aliweka mkoba wake chini. "Mmemtembeza mwizi kwa gari, mkamwonyesha mji, mkamrudisha nyumbani kwangu?"

"Ana jamaa," alisema mama yake.

"Na mimi je, sina jamaa? Jamaa zangu si ndio nyinyi wenye akili hizi?" Lakini walipomsimulia, wakikatizana maneno, mume akimpokea mama na mama akimpokea mume, aliacha kuwasikiliza na akabaki kuwatazama tu. Mwishowe alisema, "Haya. Ila mimi nataka mayai. Tafuteni njia."

Njia ilikuwapo tangu mwanzo. Cheche alijenga banda la kuku la chuma, wavu wa matundu madogo umezikwa chini ya udongo ili asiwepo wa kuchimba, na masanduku ya kutagia ameyaning'iniza juu. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda akitafuta upenyo, na kila alipoupata, mkwewe aliuziba. Nguchiro walikuja, wakalizunguka banda, wakalinusa, wakajaribu huku na kule, wakalaumu kwa sauti. Baadaye wakaacha kulaumu, wakawa wanapita tu, wakifukua mende na majongoo chini ya mpapai, na kurudi walikotoka. Dobi alidai tangu hapo hajaona nyoka mtaani. Cheche alikuwa hakumbuki kama waliwahi kuwaona hata kabla, lakini hakumkatalia.

Plasta ilikatwa. Sanduku jepesi la nguo likafungwa, tenga likatafutwa. Asubuhi ya kuondoka, mama mkwe akiwa amekwishavaa viatu vyote viwili, dobi alifika mbio. Kuna kitu darini kwake. Kinakwaruza mchana kutwa, kinadondosha uchafu juu ya mashuka ya wateja yaliyokwishapigwa pasi, na Bosi amegoma hata kutazama juu. Wangeweza kuja na kile kizimba?

"Mama ana safari," alisema Cheche.

"Safari haina miguu ya kukimbia," alisema mama mkwe, na akawa wa kwanza kutoka.

Chumba cha dobi kilikuwa na joto la pasi na harufu ya sabuni. Cheche alisimamisha ngazi, akapanda, akasukuma kipande cha dari, akaingiza kichwa na tochi.

"Unaona nini?" mama mkwe aliuliza kutoka chini.

"Sijui, mama. Ana macho makubwa. Ananitazama." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Wa namna hii sijawahi kumwona."

Ngazi ilitikisika kidogo. Cheche alitazama chini, akaona mguu uliopona tangu juzi umekwishakanyaga kidato cha kwanza.

"Basi shuka," mama mkwe alisema, "unipishe."